Mtoto Akimwita Mbuzi "Ng'ombe", Usimcheke

Wazazi wengi wa Meru na Embu hushtuka mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapomwita kila mnyama wa miguu minne ng'ombe. Mbuzi ni ng'ombe, mbwa wa jirani ni ng'ombe, hata punda wa kubeba maji ni ng'ombe. Wengine humcheka, na wengine huanza kunong'ona kwamba ni mzito wa akili.

Kumbe mtoto huyo anafanya kazi kubwa. Amegundua kuwa vitu vya dunia huenda kwa makundi, na kwamba neno moja laweza kubeba vitu vingi. Kilichobaki ni kujua mipaka, na mipaka haifundishwi kwa maelezo marefu. Mtoto huipata kwa kuona mifano mingi, hasa ile inayokaribiana. Mama akisema, "La, huyo ni mbuzi, tazama ndevu zake, sikiliza anavyolia," mtoto amepewa alama ya kutenganisha. Mtoto mkubwa kidogo anayesaidia kuchambua maharagwe, mekundu huku na meupe kule, yuko darasani tayari. (Aliye chini ya miaka mitatu asiachiwe maharagwe peke yake, huishia puani.)

Hata sisi watu wazima mipaka hutupotea. Ni wangapi huita kila homa malaria, na kununua dawa dukani, hali ugonjwa wenyewe ni bruselosi iliyotokana na maziwa mabichi?

Lakini akili inayopanga vitu huhitaji pia kulishwa, na ushahidi mzuri wa jambo hili ulipatikana hapa hapa Embu. Mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha California mjini Los Angeles, wakiwemo Prof. Nimrod Bwibo na Dkt. Charlotte Neumann, walianza kuwalisha watoto wa darasa la kwanza tarafani Kyeni Kusini. Shule zilikuwa 12. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula hicho.

Watoto walipimwa kwa mtihani wa Raven. Mtoto huonyeshwa mchoro wenye pengo, kisha huchagua kipande kimoja kati ya sita cha kuliziba. Hahitaji kujua kusoma. Anahitaji kuona kanuni inayounganisha michoro. Waliokula nyama waliwashinda wengine wote, hata wale wa maziwa. Katika hesabu, kundi la nyama na lile la mafuta yalilipita kundi lisilopewa kitu. Lakini katika kuelewa maneno hapakuwa na tofauti yoyote. Kwa maoni yangu, wanaoinukuu habari ya nyama wangeisoma na sehemu hii. Maneno hayaji kwa sahani. Mtoto huyapata kwa watu wanaozungumza naye.

Watafiti hao pia walilinganisha watoto wa miaka saba wa Embu wa mwaka 1984 na wale wa 1998. Wa 1998 walifanya vizuri zaidi kwa kiwango kikubwa. Miaka 14 ni michache mno kubadili damu ya watu. Yaliyobadilika ni kisomo cha wazazi, idadi ya watoto nyumbani, na lishe.

Nyama ni ghali, najua. Maini kidogo au omena mara kadhaa kwa wiki hutoa madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Maharagwe nayo yana chuma, na mwili huyatumia vyema zaidi yakiliwa na chungwa au nyanya. Kinachoharibu ni kikombe cha chai kando ya sahani, maana majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mpe mtoto maji.

Mtoto asiyetamka neno lolote akifikisha miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akifikisha miaka miwili, au aliyeacha maneno aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali bila kungoja. Omba kwanza apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kujua kwamba huyu ameitwa mbuzi na yule ng'ombe.