Nyota ya kwanza ni ile utakayoimaliza

Unataka kumshonea umpendaye blanketi la viraka lenye nyota? Kabla hujagusa mkasi, soma kwanza yaliyonikuta mie.

Jamani, sendofu za siku hizi zina mambo. Umesimama kwenye foleni ya zawadi na seti yako ya glasi, mbele yako wapo watu wanne, na wote wanne wamebeba seti ya glasi. Mdogo wangu wa kike alipotangaza kwamba anaolewa na kijana anayefundisha huko Mgeta, niliapa kabisa: safari hii sibebi glasi.

Kama wewe si mtu wa Morogoro, nikueleze kidogo. Mji wetu, huu wanaouita mji kasoro bahari, uko chini, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na joto lake unalisikia. Lakini ukiinua macho, Milima ya Uluguru hiyo hapo, na kilele chake kirefu kinapita mita 2,600. Panda gari la Mgeta, pita Mzumbe, anza kukata kona, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyotafuta sweta. Juni hadi Agosti, usiku wa huko si mchezo. Mdogo wangu aliyezoea feni alikuwa anahamia kwenye baridi akiwa na mume mpya. Mume atamzoea. Baridi je? Nikasema nitamshonea kitu cha kujifunika. Waswahili wa zamani wana jina lake zuri, mfarishi. Sisi wengine tunasema tu blanketi la viraka.

Nilikuwa na cherehani ya mama, mifuko miwili ya mabaki ya vitenge, na picha ya blanketi lenye nyota moja kubwa iliyojaza kitanda kizima. Nyota ile ina mikono minane, na kila mkono umeungwa kwa vipande vidogo vyenye umbo la uru, lile la kwenye karata. Inawaka kama jua. Nilikuwa sijawahi kuunga hata viraka viwili, lakini nikasema hiyo hiyo. Zilibaki wiki tisa.

Kawa mezani

Kwa wiki nne nilikuwa nikitoka kazini naingia kwenye vitambaa. Mume wangu akila, anakula peke yake na taarifa ya habari. Akiniita tukatembee, namjibu "subiri nimalize mkono huu." Hatimaye mikono minane ikakamilika, nikaiunga, nikatandaza sakafuni. Haikulala. Katikati ilisimama juu, imechongoka. Mume wangu akaja, akainama, akauliza kwa upole kabisa, "Mke wangu, hilo ni blanketi au kawa?"

Nilinuna siku tatu. "Chai ipo?" "Ipo." "Umelala?" "Ndiyo." Siku ya nne akaniambia maneno yaliyoniingia. "Nilidhani anayeolewa ni mdogo wako. Mbona ni kama mie ndiye niliyeachwa?"

Mpenzi msomaji, hapo sikuwa na jibu. Nilikuwa natengeneza zawadi ya kuwapasha joto watu wa nyumba nyingine, huku nyumba yangu inapoa.

Fundi aliniuliza maswali matatu

Jumamosi nikalikunja kawa langu, nikalipeleka kwa mama mmoja fundi jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Alilitazama, hakucheka. Akaniuliza: kitanda chao futi ngapi? Sherehe lini? Na wewe jioni unabaki na muda gani ukishamaliza kazi, chakula na mume?

Nikajibu: tano kwa sita, wiki tano, na hilo la tatu nikanyamaza.

"Mwanangu," akasema, "umeanza na harusi kabla ya posa. Nyota umeichagua kwa macho. Ichague kwa kalenda."

Kisha akanieleza kwa nini imesimama. Mikono minane ikikutana katikati ni lazima ijaze mduara mzima, nyuzi 360, maana yake kila mkono nyuzi 45 kamili. Mikono yangu ilikuwa myembamba kidogo. Kidogo tu, lakini mara nane. Mduara haukutosha, kitambaa kikajivuta, katikati ikapanda. Tena vipande vya uru vina pande zilizokatwa upogo, yaani mshazari. Kitambaa hakivutiki sana ukikifuata mtande au mshindio, lakini ukikivuta kwa mshazari kinaondoka na mkono wako. Kila nilipopiga pasi kwa kukokota, nilikuwa naharibu kipimo.

Haya si mambo ya Wazungu?

Ndivyo alivyoniuliza mume wangu. Basi na wewe ukiulizwa, jibu unalo. Inasimuliwa kwamba kanga yetu yenyewe ilianza kwa kuunga: wanawake wa pwani, karne ya 19, walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa, wakaziunga sita zikawa vazi moja, kabla wafanyabiashara hawajaanza kuagiza kanga iliyochapwa nzima. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wapo Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Wanawake wao hushona kwa mkono blanketi za viraka ziitwazo kawandi, kwa nguo kuukuu za familia, wakianzia pembeni na kumalizia katikati. Na kwa Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, blanketi la nyota ni zawadi ya heshima: hutolewa mtoto akizaliwa, watu wakioana, hata msibani. Kwa hiyo tuache woga. Mwenye sindano na mabaki ya nguo hana haja ya kuomba ruhusa.

Nyota nne, kuanzia rahisi

*Nyota ya urafiki.* Ina mikono minne na inaonekana kama inazunguka, mfano wa kititia cha watoto. Mraba mmoja wa nyota una vipande tisa, tatu kwa tatu: vitano ni miraba mitupu na vinne ni miraba iliyogawanywa pembetatu mbili. Mishono yote imenyooka. Kama hujawahi kushona viraka, hii ndiyo yako. Na sisi Watanzania tuna sababu nyingine ya kulipenda jina hilo: kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, kiliwavalisha mama zetu kwa miaka mingi.

*Nyota ya msumeno.* Ina ncha nane, na katikati mraba mkubwa. Ukiwa na kitenge chenye ua au ndege unayempenda, hapo ndipo pa kumkalisha. Ugumu wake ni kuzipata ncha zote ziwe kali bila kumezwa na mshono. Ifanye ya pili.

*Nyota ya Ohio.* Nayo ni tatu kwa tatu, lakini vipande vinne vina pembetatu nne nne zinazokutana katikati. Mshono ukihama kidogo, jicho linaona. Ngoja mkono utulie.

*Nyota kubwa ya mikono minane.* Ile ya kwangu, kawa. Ni nzuri mno, na siku moja nitairudia. Siku moja.

Vipimo vya nyota ya urafiki

Chukua rangi mbili zinazopishana wazi, moja iliyokoza na moja nyeupe au ya maziwa. Vikifanana sana, nyota haitaonekana. Vifue vyote kabla ya kukata, maana vitambaa vya pamba hurudi, na vingine huchuja rangi. Usije ukaona nyekundu imehamia kwenye nyeupe baada ya kazi yote.

Nyota moja ya inchi 12 inataka hivi:

Miraba ya inchi 4 na nusu: mmoja uliokoza kwa ajili ya katikati, minne myeupe kwa ajili ya pembe.

Miraba ya inchi 5: miwili iliyokoza, miwili myeupe. Laza mweupe juu ya uliokoza, nyuso za kitambaa zikitazamana. Piga mstari wa chaki kutoka pembe hadi pembe. Shona upande huu na upande ule wa mstari, robo inchi kutoka kwenye mstari. Kata juu ya mstari, fungua, na tayari una miraba miwili yenye pembetatu mbili mbili. Ipunguze ibaki inchi 4 na nusu.

Zipange tatu kwa tatu mezani kabla ya kushona, na hakikisha mikono yote inaelekea upande mmoja. Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Shona mistari mitatu, kisha iunge mistari yenyewe. Nafasi ya mshono ni robo inchi, kila mahali, bila huruma. Pasi ibonyeze, usiikokote.

Kwa kitanda cha tano kwa sita, shona nyota 20, nne kwa tano. Utapata inchi 48 kwa 60. Zungushia pindo la kitenge lenye upana wa inchi 12, na umefika futi sita kwa saba, linalotosha kuning'inia kidogo kila upande. Kwa kitambaa chenye upana wa inchi 45, mita moja na nusu ya kilichokoza na mita mbili za cheupe zinatosha nyota zote, na akiba inabaki.

Katikati weka blanketi jepesi la zamani, lililo safi. Chini, shuka. Kushikisha tabaka tatu pamoja usijitese: pitisha uzi mnene kwenye pembe za kila nyota na katikati yake, funga fundo, kata. Malizia kwa kukunja kingo.

Kazi ya watu wawili

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu maneno ya fundi, pamoja na lile swali la tatu. Akafikiri, akasema, "Pasi nipe mie." Tukapanga: Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu na nusu usiku, baada ya kula pamoja. Mie nashona, yeye anapiga pasi na kupunguza miraba kwa rula. Siku nyingine, cherehani inafunikwa.

Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujaongea hivyo tangu tuoane. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Alhamisi moja, akiwa ameinamia pasi, aliniambia ana wasiwasi na mkataba wake wa kazi, jambo alilokaa nalo miezi miwili. Angeniambia lini, wakati nilikuwa nahesabu vipande vya uru?

Siku ya sendofu ikafika. Nyota zilikuwa 14. Zamani ningekesha wiki nzima nizimalize, nifike ukumbini macho mekundu. Safari hii nilivaa, nikapaka wanja, nikasimama kwenye foleni ya zawadi. Nilibeba nini? Seti ya glasi. Cheka tu.

Agosti tukapanda Mgeta na blanketi kwenye gunia safi. Nyuma ya shuka nilikuwa nimeshonea ukanda wa jina la kanga, "Haba na haba hujaza kibaba." Mdogo wangu alilitandaza kitandani, akalizunguka, akaanza kuhesabu nyota kwa kidole. Kwenye safu ya tatu akasimama.

"Dada, hii mbona inazunguka kinyume na wenzake?"

Ilikuwa kweli. Nyota 19 zinakwenda kulia, moja inakwenda kushoto. Nilimtazama mume wangu, mume wangu akatazama dari. Ile ilikuwa ya Alhamisi ya mkataba. Nikamwambia nitaifumua.

"Thubutu," akasema, akajifunika nalo mabegani. Sisi ni Waluguru, ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo tayari alishaamua kwamba likichakaa litakwenda kwa binti yake, ambaye hata mimba yake haijaingia. Mumewe alikuwa mlangoni anasikiliza, akabaki anacheka.

Basi ndugu msomaji, kabla hujachagua nyota, kaa chini na yule mnayeishi naye, mfungue kalenda. Hesabuni jioni zilizo zenu, ondoeni za kupumzika, zinazobaki ndizo za kushona. Kama zinatosha nyota moja tu, shoneni moja, muitie mto wa kiti cha sebuleni. Fundi wangu yeye alilikata kawa langu vipande, akapata vitambaa vinne vya kufunikia sahani. Vipo jikoni kwetu, na vinafanya kazi nzuri tu.