Jokofu la mgahawa kutopoza si lazima gesi imekwisha

JOKOFU la mgahawa linapoacha kupoza, wenye biashara wengi hukimbilia kuongeza gesi. Hata hivyo, gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haipungui kwa matumizi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kuijaza bila kuziba tundu ni kupoteza fedha.

Uchunguzi huanzia kwenye mambo mepesi. Mosi ni kondensa, yaani mabomba yanayotoa joto nje, ambayo jikoni huzibwa upesi na vumbi lililochanganyika na mafuta. Joto likikosa pa kutokea, kompresa hufanya kazi bila kupumzika na huweza kuungua. Pili ni mpira wa mlango: karatasi iliyobanwa na mlango ikichomoka kirahisi, hewa ya joto inaingia. Tatu ni feni ya ndani, ambayo ikizingirwa na barafu ubaridi hausambai.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri vyakula vinavyoharibika haraka vihifadhiwe chini ya nyuzijoto 5 za Sentigredi. Juu ya hapo vijidudu huzaliana kwa kasi, na nyama yaweza kuwa hatari kabla haijatoa harufu. Kwa hiyo, kipimajoto hakina budi kusomwa kila siku, na kondensa kusafishwa kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa.