Elimu ya Ng'ambo na Miti ya Nyumbani

Mwaka 1960, Bibi Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alikuwa miongoni mwa mamia ya vijana wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Alipelekwa chuo cha watawa wa Kikatoliki mjini Atchison, Kansas, mahali ambapo wakati wa baridi miti hupukutika majani na theluji hufunika ardhi. Huko alisoma elimu ya viumbe, akapata digrii mwaka 1964. Ya pili aliipata Pittsburgh.

Aliporejea Nairobi mwaka 1966, akiwa na barua ya kuajiriwa, alikuta kazi ile amekwisha kupewa mwingine. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya akina mama kupanda miti, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Msafiri hupimwa kwa mzigo anaorudi nao.