Kikohozi Kisichofuata Majira

Katika zahanati za Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na za Masasi, chini penye majabali, kikohozi cha mtoto ni rahisi kukihukumu kwa majira: mvua ikinyesha, ni mafua, korosho zikianguka, ni vumbi. UVIKO-19 ulionyesha jinsi kipimo hicho kisivyotegemeka. Tanzania ilifunga shule Machi 2020, zikafunguliwa zote kufikia mwisho wa Juni. Duniani safari zilipungua, barakoa zikavaliwa, na virusi vya influenza vikakaribia kutoweka. Aina moja, B/Yamagata, haijathibitishwa tena tangu Machi mwaka huo. Virusi vya RSV, vinavyovimbisha njia ndogo za hewa za wachanga, vilitulia, kisha mwishoni mwa 2020 vikarudi Australia wakati wa joto badala ya baridi, vikawakuta watoto wasiokuwa na kinga navyo.

Newala yenyewe iliwahi kupotoshwa na mazoea. Homa iliyozuka huko 1952 na 1953 ilifanana mno na kidingapopo. Kumbe ilikuwa chikungunya, jina lililotoka katika Kimakonde.

Mtoto anayepumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani, apelekwe kituoni siku hiyohiyo, mvua iwepo au isiwepo.