Mgeni Ndani ya Pipa la Maji

Mara ya mwisho ulikagua pipa lako la maji lini? Sisemi kuchota, maana kuchota tunachota kila siku. Nasema kukagua: kuondoa kifuniko, kumulika kwa tochi na kutazama kilichomo. Akina mama wengi wakiona viluwiluwi vya mbu humwaga maji na kuendelea na kazi. Kumwaga ni vyema. Lakini kabla ya kumwaga, lipo jambo ambalo jicho la mama linaweza kuwafanyia wataalamu wa afya, kwa sababu wao hawaishi majumbani mwetu.

MBU ASIYE NA MSIMU

Kwa miaka mingi sisi wauguzi tumefundisha kwamba mbu wa malaria huzaliana hasa kwenye madimbwi, mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama katika nyayo za ng'ombe. Wale wa mapipani kwa kawaida ni wa aina nyingine, kama wale waenezao homa ya dengi. Mafundisho hayo bado ni kweli kwa mbu wetu wa siku zote. Lakini sasa amekuja mgeni.

Wataalamu humwita Anopheles stephensi. Asili yake ni India na nchi za jirani, hadi Ghuba. Huyu hupenda mji. Huzaa katika matangi, mapipa, ndoo na maji ya ujenzi, na kwa kuwa maji hayo yapo hata wakati wa kiangazi, yeye naye hangoji mvua.

Barani Afrika aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 waliripotiwa zaidi ya 73,000. Huko Ethiopia alipatikana mwaka 2016. Kenya nayo ilimkuta miongoni mwa mbu waliokusanywa Marsabit mwishoni mwa mwaka 2022. Ilibidi watafiti watumie vipimo vya vinasaba, kwani kwa macho ni rahisi kumdhania kuwa mmoja wa jamaa zake.

Fikiri maana yake kwa mama wa mjini aliyezoea kusema, "Huku kwetu hakuna malaria." Mtoto akipata homa, atangoja. Na malaria haimngoji mtoto.

MBU KATIKA BAHASHA

Je, mtu asiye mtaalamu anaweza kusaidia? Anaweza, na wengine wamekwisha kufanya hivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani waliwaomba wananchi wanase mbu nyumbani bila kuwaponda, wawagandishe kwenye friza, kisha wawatume kwa posta pamoja na tarehe na mahali walipowapata. Tangu hapo wamepokea zaidi ya mbu 100,000. Katika mwaka ule wa kwanza tu, mbu waliotumwa na wananchi waliwaonyesha watafiti kwamba aina moja kutoka Asia ilikuwa imeshaweka makao magharibi mwa nchi, mahali ambapo haikujulikana kuwepo.

Hispania hutumia picha za simu kupitia mpango uitwao Mosquito Alert. Mwaka 2018 mwananchi mmoja wa Asturias alituma picha ya mbu. Wataalamu walipoitazama waliona kwamba ni mbu wa Asia ambaye hakuwa ameonekana nchini humo. Walikwenda wenyewe, wakamtafuta na kumthibitisha.

Karibu zaidi na kwetu ni Madagascar. Mwaka 2020 mtu mmoja jijini Antananarivo alituma picha ya kiluwiluwi kwa simu. Wataalamu walioichunguza baadaye walisema huenda ni yule stephensi. Walisema "huenda" kwa sababu picha huamsha tu shaka. Hakika hupatikana kwa mdudu mwenyewe.

KWA NINI MDUDU MKAVU ATUNZWE?

Ndiyo maana makumbusho, kama Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, hutunza wadudu wakavu waliochomwa kwa pini. Chini ya kila mdudu kuna kikaratasi kidogo: alipatikana wapi, lini, na nani alimkamata. Bila kikaratasi hicho, mdudu hana ushahidi wa kutoa. Akiwa nacho, anaweza kuchunguzwa tena baada ya miaka mingi, swali jipya linapozuka. Huwezi kumtambua mgeni kama huwajui wenyeji.

Siku hizi kumbukumbu za makumbusho na picha za wananchi hukusanywa pamoja. Mfumo wa kimataifa uitwao GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye ofisi zake Copenhagen, Denmark, una kumbukumbu zaidi ya bilioni 2 za viumbe, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Mbu wa akina Mosquito Alert nao wamo. Haba na haba hujaza kibaba.

WEWE UFANYE NINI?

1. Kagua vyombo vyote vya maji kila wiki. Katika joto letu, yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 14.

2. Tazama jinsi kiluwiluwi kinavyokaa. Cha mbu wa jamii ya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Cha aina nyingine huning'inia kichwa chini. Ukiona waliolala sambamba ndani ya pipa au tangi, hiyo ni habari inayofaa kuripotiwa.

3. Kabla ya kumwaga, piga picha ukiweza, na uandike tarehe, mtaa na aina ya chombo. Chota viluwiluwi vichache kwenye kichupa safi chenye kifuniko, umpelekee mhudumu wa afya ya jamii au afisa wa afya siku hiyo hiyo. Kisha mwaga maji kwenye ardhi kavu na usugue kuta za chombo kwa brashi, maana mbu wengine hugandisha mayai yao hapo. Chombo kifunikwe vizuri.

4. Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia programu ya iNaturalist. Unaweka picha, tarehe na mahali, na watu wengine husaidia kutambua kiumbe. Kumbukumbu zilizothibitishwa, kama mwenyewe ameruhusu, hufika hata GBIF. Watoto hupenda kazi hii, lakini ficha mahali hasa pa nyumba yako, wala usiweke sura zao kwenye picha. Asiwepo wa kujitolea kuumwa ili mbu apigwe picha!

5. Mtoto akipata homa, mpeleke kupimwa damu ndani ya saa 24, hata kama mnaishi mjini. Na chandarua kiendelee kutumika mwaka mzima.

Kikundi cha akina mama kumi, kila mmoja akiwa na daftari lake na pipa lake, kinaweza kuujua mtaa wake kuliko gari la watafiti linalopita mara moja kwa mwaka. Mjadili jambo hili katika mkutano wenu ujao, na mwalikeni afisa wa afya aje awasikilize.