Kiwanja Kimoja, Vijana Ishirini na Wanne



Siku moja ya posho nilisimama kando ya kiwanja cha tenisi, nikiangalia ekipe ya masomo fulani ya sekondari. Vijana walikuwa 24, kiwanja kimoja. Mwalimu alirusha mpira, kijana mmoja akapiga, kiisha akarudi mwisho wa mstari. Nikaanza kuhesabu. Kwa saa moja nzima kila kijana alipiga mipira kumi na miwili hivi. Wakati wote mwingine alisimama juani.

Nikamuuliza mmoja wao: "Mbona wenzako wanapungua kila juma?" Akajibu: "Baba pasta, hapa tunakuja kusimama tu. Kusimama, hata nyumbani tunaweza!"

Neno lile lilinikamata. Ninyi mnajua vizuri mahali vijana wetu wanakwenda wakichoka kusimama. Mmoja anakwenda kuchimba mawe, mwingine anakaa njiani mpaka usiku. Na mwalimu yule hakuwa mvivu, hapana. Alifundisha sawa vile alivyofundishwa. Lakini kijana hatoroki mchezo juu ya kushindwa. Anatoroka juu ya kungojea.

Pengine utasema: tenisi ni mchezo wa wakubwa wa kompani. Mkumbuke Yannick Noah. Alikomalia Yaoundé, kule Kameruni, na ni pale Mmarekani mweusi Arthur Ashe alimwona mwaka 1971, angali mtoto. Mwaka 1983 Noah alishinda Roland-Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa. Basi, tusiufungie mtoto mlango mbele hajaanza.

Hii hapa ni michezo minne ya mazoezi. Ekipe za masomo ya sekondari kule Marekani zinacheza michezo ya namna hii, na hata sisi tunaweza.

Wa kwanza: tenisi ndogo. Kila mmoja asimame ndani ya mstari wa servisi, ule ulio metre 6,40 toka wavu. Kwa upana wa kiwanja wanaenea wawili-wawili, jozi nne, ni kusema watu wanane mara moja. Wapige polepole, mpira udunde mara moja tu. Jozi itakayofikisha mapigo 20 bila kukosa njo imeshinda. Hapa nguvu haisaidii kitu. Mkono mpole unasaidia. Kila dakika tatu, wale wanaongoja waingie.

Wa pili: kuzunguka dunia. Wanaocheza pingi-pongo wanaujua kwa jina la turnante. Mistari miwili, mmoja kila upande. Ukipiga, unakimbia kwenda nyuma ya mstari wa upande mwingine. Wote wakimbie kwa mkono wa kuume, wasigongane. Desturi ni kumtoa anayekosa. Mimi nasema hapana! Anayetolewa kwanza ni yule dhaifu, na yeye njo anahitaji mipira kuliko wote. Afazali ekipe nzima ihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu… Leo mmefika 15? Juma lijalo mtafute 20. Hapo mtasikia wenye nguvu wanamtia moyo yule dhaifu, juu hesabu yake ni hesabu yao.

Wa tatu: mfalme wa kiwanja. Mukate kiwanja vipande viwili kwa urefu, kila kipande kiwe na mfalme wake upande mmoja. Mshindani anaanzisha mpira kwa chini, bila servisi kali. Akishinda mara mbili mfululizo, anakimbia kuketi katika ufalme. Akikosa, mwingine anaingia upesi. Kwa njia hii wanne wanacheza pamoja, na hakuna anayengoja sana.

Wa ine: gereza. Mwalimu anarusha mipira, ekipe inapiga mmoja-mmoja. Anayekosa anakwenda gerezani, ni kusema ng'ambo ya wavu. Mfungwa akidaka kwa mkono mpira wa mwenzake mbele haujadunda, amefunguliwa, na aliyepiga anaingia pahali pake. Wafungwa wasikaribie wavu, waangalie mpira kila wakati. Utaona, hata gerezani wanacheka na kukimbia.

Na servisi? Weka makopo ya maziwa katika pembe za kisanduku cha servisi. Mpira ukiingia ndani, pointi moja. Ukigonga kopo, tano. Kila kikundi mipira kumi. Wasio na nafasi wapige ukutani. Ukuta hauchoki, na unarudisha kila mpira.

Usitupe mipira iliyozeeka. Haidundi sana, inakwenda polepole, na kwa anayeanza hiyo ni faida. Hata Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, tangu mwaka 2012, linataka watoto wa miaka 10 na chini washindane kwa mipira ya polepole. Lakini mpira ulioachwa chini unavunja kifundo cha mguu. Uokotwe mara moja. Na maji ya kunywa yawe karibu.

Mwalimu, gawa saa moja na nusu hivi: tenisi ndogo dakika 15, kuzunguka dunia 15, mfalme 25, servisi 20, na gereza 15 mwishoni, ili waende nyumbani wakicheka. Mzazi, binti naye apewe rakete. Kazi za nyumba zigawanywe na kaka zake.

Na wewe kijana uliyeacha juu ya kuchoka kusimama: peleka gazeti hili kwa mwalimu wako. Mwambie kwa heshima: "Mwalimu, tujaribu mmoja tu siku hii ya posho." Kisha hesabu mipira utakayopiga. Ikizidi kumi na miwili, rudi tena na rafiki yako.