Ugomvi wa Neno Moja

Kata ya Dimani iko katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Ukiisoma upesi, sentensi hii haina cha kugombewa. Lakini anayeiandika katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuihariri bila kulipwa senti, amekwisha jitwika kesi mbili. Ya kwanza ni ndogo: kuna Dimani nyingine Unguja, ambayo jina lake ni pia la jimbo la uchaguzi, na asiyezitenganisha atawahamisha watu wa bara kuvuka bahari. Ya pili inahitaji subira. Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji miaka michache tu baada ya sensa ya 2012, kwa hiyo vitabu na takwimu za kabla ya hapo huliweka eneo lote hilo Rufiji. Mhariri mwenye karatasi ya zamani atafuta "Kibiti" na kuandika "Rufiji". Mwenye karatasi mpya atarudisha "Kibiti". Wote wawili wana ushahidi mkononi na hakuna aliyedanganya. Kinachokosekana ni mwaka: mara tu sentensi inaposema Dimani ilihesabiwa wapi na lini, ugomvi umekosa pa kusimama.

Ugomvi wa namna hii huchekwa sana na walio nje. Watu wazima, usiku kucha, wakifutiana neno! Katika Wikipedia ya Kiingereza mambo yalifika mahali ikawekwa kanuni kwamba mhariri hawezi kutengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Mwaka 2005 wahariri walilazimika kupiga kura, kipindi baada ya kipindi, kuhusu mji mmoja wa Poland uitwe Gdańsk au Danzig, wakakubaliana jina la Kijerumani litumike kwa historia ya kuanzia 1308 hadi 1945. Mimi siungani na wanaocheka. Neno moja likigombewa kwa siku nyingi, mara nyingi ni kwa sababu limebeba dai ambalo hakuna aliyelitamka waziwazi, na ugomvi ndio unaolilazimisha litoke na kuonyesha vyeti vyake. Habari za Rufiji zinalithibitisha hilo kuliko za Gdańsk.

Chukua Majimaji. Maji yenyewe, dawa iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yalitoka Ngarambe, Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Maofisa wa kikoloni waliandika kwamba huo ulikuwa uasi. Sisi tumezoea kusema Vita vya Majimaji. Atakayedai kwamba hayo ni majina mawili ya kitu kimoja hajayapima: mwasi ni mtu aliyemgeuka mtawala wake halali, na anayepigana vita ana nchi yake anayoitetea. Mwenye kuandika "uasi" amekwisha toa hukumu kuhusu uhalali wa dola ya Kijerumani, hata kama alikuwa anatafsiri tu kutoka makala ya lugha nyingine, jambo linalotokea kila siku. Kinjikitile mwenyewe ana mzigo huohuo. Mchawi, mganga, nabii, kiongozi: kila jina limetoka kinywani mwa mtu fulani aliyekuwa na sababu ya kulichagua. Hata idadi ya waliokufa haiko salama, kwani makadirio yanayotajwa huanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya askari wa Kijerumani kuchoma mashamba na maghala. Mhariri anayeandika namba moja bila kusema ni ya nani amechagua upande, ajue asijue.

Kanuni ya kamusi elezo katika hali hii ni kavu, na ukavu huo ndio faida yake. Mhariri haruhusiwi kuleta ukweli wake. Analeta chanzo kilichochapishwa ambacho mwingine anaweza kukifungua na kukikagua, na vyanzo vikipingana, anasema nani alisema nini, akiupa kila upande uzito kulingana na nafasi yake katika vyanzo vinavyoaminika. Kwa hiyo haitoshi kuandika kwamba Kinjikitile alikuwa mchawi, wala haitoshi kulifuta neno hilo kwa hasira. Inaandikwa kwamba Wajerumani walimwita hivyo, na msomaji anabaki na habari mbili badala ya moja: habari za Kinjikitile na habari za Wajerumani.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoingia, na si haki kulikwepa. Kanuni hii, wanasema wakosoaji, inampa ushindi aliyekuwa na kalamu. Mjerumani aliandika ripoti na kuzihifadhi. Mzee wa Mohoro alisimulia barazani, na simulizi yake haina namba ya ukurasa. Basi ugomvi utakuwaje wa haki ikiwa upande mmoja una maktaba na mwingine una makaburi? Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu kubwa. Lakini dawa yake haimo ndani ya kamusi elezo. Ukiwaruhusu wahariri waandike "wazee wanasema" bila zaidi, mlango huo utapitisha mzee wa kweli mmoja na wazee wa kubuni kumi. Dawa ilikwisha onyeshwa mwishoni mwa miaka ya 1960, pale wanafunzi na walimu wa historia wa Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuandika kumbukumbu za Majimaji kutoka kwa watu waliokuwa hai wakati wa vita, na G.C.K. Gwassa na John Iliffe wakachapisha sehemu ya kumbukumbu hizo. Tangu hapo simulizi ya baraza ikawa na jina, mahali na ukurasa, nayo inaweza kuketi meza moja na ripoti ya ofisa wa Kijerumani na kubishana naye. Tunaweza kusikitika kwamba kazi hiyo haikuendelea kwa kasi ile katika mambo mengine ya delta ya Rufiji, tangu uvuvi na ukataji wa mikoko hadi kuhamishwa kwa watu wa bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Kinachopungua hapo ni vyanzo kuliko wahariri.

Kuna pingamizi jingine, jepesi: kwamba kitu kinachoweza kubadilishwa na yeyote hakifai kuaminiwa. Linajijibu lenyewe mtu akibonyeza historia ya ukurasa na kusoma kila badiliko lililofanywa, saa yake na mwenye nalo. Kitabu cha shule hakikupi hayo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kurasa ambazo hakuna anayezibadilisha. Makala nyingi za kata zetu zina sentensi tatu, idadi ya wakazi, na ule msemo wa Wikipedia ya Kiswahili kwamba makala "bado ni mbegu". Kurasa zake za majadiliano ni tupu. Kosa likiingia hapo linatulia kimya, linanakiliwa na magazeti, kisha gazeti linarudi kuwa chanzo cha kosa lilelile.

Wakati mwingine ugomvi huisha kwa kusoma tu. Mwaka 2019 Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilipoanzishwa, kishawishi cha mhariri kilikuwa kufuta "Selous" kila mahali na kuandika jina jipya, na mwenzake kuirudisha kwa hoja kwamba UNESCO iliorodhesha Selous kama urithi wa dunia mwaka 1982. Lakini hifadhi mpya ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, na sehemu iliyosalia imeendelea kuitwa Selous. Basi ni makala mbili, na maneno yote mawili yana kazi.

Yapo yasiyoisha hivyo. Kati ya 2015 na 2017 askari polisi na viongozi wa vijiji waliuawa Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Aprili 2017 pekee, askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Majambazi? Magaidi? Watu wasiojulikana? Neno la kwanza linadai sababu ni mali, la pili linadai ni siasa au imani, la tatu linakiri kwamba uchunguzi haujasema. Mhariri anahitaji chanzo cha mtu aliyekuwapo, aliyeuliza maswali na kuandika majibu. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi. Alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Gwanda ni miongoni mwa waliotoweka na kufariki, kisha akasema kauli yake ilieleweka vibaya. Mhariri mmoja atachukua kauli ya kwanza na kuandika "alifariki". Mwingine atachukua ya pili na kuandika "yu hai". Kitenzi ambacho vyanzo vinaweza kukibeba hadi sasa ni kimoja tu, "alitoweka", na mhariri makini atakirudisha kila kinapofutwa.